Mmechota Maji, Leteni Majibu

Utafiti wa maji unaofanywa Kibera na Kawangware una deni, na deni hilo limelala kwa miaka. Vijana wenye visanduku vya barafu begani hubisha milango ya Gatwekera, Laini Saba na Silanga. Huzunguka ploti za Gatina na Kabiro. Huchota maji ya bomba, ya tangi la muuzaji, ya kisima kilicho hatua chache kutoka chooni. Huyatia chupani, huandika namba, hushukuru, huenda zao. Baadaye namba zile huonekana kwenye makala ya kitaalamu yanayosomwa Geneva na Boston, kwenye slaidi za kongamano katika hoteli ya Westlands, kwenye ombi jipya la fedha. Mahali pamoja tu hazionekani: kwenye mlango uliotoa maji.

Huo ni unyang'anyi. Najua nimesema neno zito, na nimelipima kabla ya kulitamka. Mama akitoa maji yake yapimwe, kisha akaachwa ayanywe mwaka mzima bila kuambiwa kilichoonekana ndani yake, amenyang'anywa. Na aliyewekwa katikati ili unyang'anyi huo uende kimya kimya ni mfanyakazi wa ngazi ya chini kuliko wote, msaidizi wa nyanjani: kijana asiye na mkataba wa maana wala sauti kwenye mradi, ambaye mtaani ndiye sura pekee ya mradi huo inayojulikana.

Nimeifanya kazi hiyo. Basi niieleze ilivyo, maana wengi wanaoidharau hawajui inavyofanywa.

Chupa ni ya mililita 100, imesafishwa na kufungwa maabara. Ndani yake mna chembe za sodiamu thaiosalfeti za kuzima klorini, ili bakteria wasiendelee kufa njiani na maabara ikadanganyika kwamba maji yalikuwa masafi. Mdomo wa bomba unapanguswa kwa spiriti. Maji yanaachwa yatiririke kwanza, na hapo mwenye kibanda cha maji anakukazia macho, kwa sababu yanayomwagika ni pesa yake. Kifuniko hakiwekwi chini. Kidole hakigusi ukingo. Klorini inapimwa hapo hapo kwa sababu haingoji mtu: unadondosha tembe kwenye kichupa, unatikisa, na maji yakigeuka waridi unajua klorini ipo. Yakibaki vile vile, hamna. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa kila lita mahali mtu anapochotea. Kisha sampuli inaingia kwenye barafu, na saa inaanza kukimbia, maana ikichelewa mno bakteria watakuwa wameongezeka au wamekufa, na namba itakayotoka haitakuwa ya maji ya Silanga tena. Mvua ikinyesha, kutoka Silanga hadi barabarani ni kuteleza na kushikilia mabati ya watu, kisanduku kikiwa juu ya kichwa.

Mtu anayeyafanya hayo sawasawa, mlango baada ya mlango, jua na mvua, anafanya sayansi. Akikosea yeye, hakuna profesa atakayeirekebisha sampuli hiyo baadaye kwa hesabu.

Kwa maji ya ndani ya nyumba kuna utaratibu mwingine, na huu ndio unaonikera kuliko yote. Humwambii mama akujazie chupa tu. Unamwomba akupe maji vile angempa mtoto wake anywe. Unatazama: amechovya kikombe kwenye mtungi, au amemimina? Kikombe kilikuwa wapi? Mkono umegusa nini? Kitaalamu ni utaratibu mzuri, maana maji yanaweza kutoka bombani yakiwa salama yakachafukia ndani ya mtungi. Lakini hebu fikirini mmeomba nini. Mmemwomba mzazi aonyeshe kile anachomnywesha mwanawe, naye akakubali kuonyesha mbele ya mgeni. Kesho yake, bakteria wakishakuzwa, maabara inajua kama kikombe kile kilikuwa na E. coli, yaani kama kinyesi kimefika kwenye maji ya mtoto. Kiwango kinachokubalika ni sifuri katika mililita 100. Yupo mtu kwenye kompyuta anayeiona namba hiyo. Mama haioni. Msaidizi aliyechota, anayekaa mtaa ule ule, ama hajaambiwa ama amekatazwa kusema.

Halafu anatumwa tena. Tafiti nyingi hurudia kaya zile zile, kwa hiyo mlango ule ule utaubisha mwezi ujao. "Wewe kijana, mlikuja mkatuandika, mkabeba maji. Majibu yako wapi?" Utamwambia nini? Kwamba data inasafishwa? Kwamba makala yako kwa wahakiki? Mkono mtupu haulambwi. Unampa kipande cha sabuni ulichoagizwa umpe, unashuka ngazi za udongo na aibu ya watu wengine mgongoni mwako. Na wenye aibu hiyo hawajawahi kuulizwa swali lile hata siku moja, kwa sababu hawaishi pale.

Wakuu wa miradi hupenda kusema kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda wamechoshwa na utafiti. Hawajachoshwa na maswali. Nimeona watu wakijibu kwa utulivu maswali ya saa nzima kuhusu choo, kuhara na pesa zao, huku wakipepeta mchele. Kinachowachosha ni kujibu bila kujibiwa.

Tazama sasa anavyoajiriwa huyo anayebeba lawama. Anatafutwa mtu aliyemaliza kidato cha nne au mwenye diploma, anayejua Kiswahili na Kiingereza, mwenye simu nzuri, na anayeishi karibu na eneo la utafiti. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo lisilolipiwa senti. Unanunuliwa ujirani wako. Ni wewe unayejua kichochoro gani kinapitika, mzee wa kijiji yupi aamkiwe kwanza, mama yupi amefiwa juzi na asisumbuliwe. Bila hayo mlango haufunguliwi, na bila mlango hakuna data. Mradi mmoja niliofanyia kazi, ambao sitautaja, ulitulipa kwa kila fomu iliyokamilika. Mlango ukifungwa, hulipwi. Mama akisema mtoto anaharisha, hana nafasi leo, hulipwi. Nauli ilitoka mfukoni mwetu na kurudishwa ilipopendeza ofisi. Tulishika maji machafu kila siku, na chanjo ya homa ya matumbo tukaambiwa tujitafutie. Hayo katika Kibera, ambako utafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na CDC ya Marekani uliochapishwa 2012 ulionyesha homa ya matumbo imeenea mno, hasa kwa watoto!

Ukimlipa mtu kwa fomu, umenunua fomu. Usishangae ukiletewa fomu nyingi zenye ukweli mchache.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa mwenye haki za mwajiriwa. Wanaoendesha utafiti wanaijua sheria hiyo. Ndiyo maana kuna miradi ya miaka mitatu inayoajiri kwa wiki chache chache, ikivunja na kuunganisha, kila awamu na majina mapya. Na kila awamu ujuzi uliokusanywa vichochoroni unatupwa.

Ujuzi huo si mdogo. Nairobi imeishi kwa mgao wa maji tangu Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua sana. Kibera na Kawangware zilizoea ukavu wa mabomba zamani kabla ya ratiba ya mgao kuchapishwa. Bomba likikaa tupu, msukumo hupotea, na maji ya nje hujipenyeza kwenye nyufa na viungo vya mipira ile ya plastiki inayopita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakirudi, yale ya mwanzo husukuma uchafu wote huo mbele. Kila msichana wa Kawangware anayeamka usiku kukinga maji anajua kwamba mtungi wa kwanza una rangi na harufu. Sasa mradi umepanga sampuli zichotwe saa nne asubuhi, kwa sababu gari la ofisi hufika saa tatu na nusu. Wakati huo bomba limetiririka tangu alfajiri na maji yametulia. Sampuli inatoka safi. Makala yanasema maji ya bomba ni salama. Msaidizi alijua tangu siku ya kwanza kwamba wanapima saa isiyofaa, lakini hojaji kwenye simu haina mahali pa kuandika hivyo, na hakuna aliyemwuliza.

Au chukua swali la chanzo cha maji. Mama anasema "ya kununua". Fomu inataka uchague: bomba, kisima, boza, mvua. Kibanda anakonunua kina bomba la kampuni ya maji ya jiji, lakini wiki hii bomba ni kavu, tangi limejazwa na boza usiku, na boza limetoka kwenye kisima kirefu ambacho hakuna anayejua kilipo. Visima virefu vingi vya Nairobi vina floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachokubalika, na floridi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwenye sufuria yenyewe huzidi kukolea. Yule mama anayechemsha maji ya watoto kwa mkaa wa bei ghali anastahili kujua hilo. Msaidizi anabonyeza "bomba", kwa sababu fomu haiendelei mbele mpaka abonyeze kitu. Hivyo ndivyo uongo unavyoingia katika sayansi pasipo mtu hata mmoja kudanganya.

Nimesikia utetezi wao, na nitaujibu.

Wanasema sampuli moja haitoshi kumwambia mtu kitu, kwamba tutazua hofu. Machi 2018, katika majitaka yaliyochotwa Kamukunji, hapa hapa Nairobi, maabara ilipata virusi vya polio vilivyotokana na chanjo. Dola zima lilisimama na kampeni za chanjo zikafuata. Sampuli ya mtaro ikitosha kuiamsha Wizara ya Afya, sampuli ya kikombe haishindwi kumwamsha mama atie klorini mtungini. Hofu anayo tayari, na ameizoea. Kuna aliyemzika mtoto kwa kuhara. Anachokosa ni habari za kumwelekeza afanye nini na hofu hiyo.

Wanasema tutawaharibia wauza maji biashara. Hapa nakubali kuna jambo la kufikiriwa, kwa sababu muuza maji, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye tangi moja na mikopo miwili ya chama, si adui. Ukibandika namba mbaya mlangoni pake bila kumwambia kwanza, utakuwa umemkata riziki kwa kosa la bomba lililopasuka huko juu. Basi mwanze yeye. Mpelekeeni majibu kabla ya wote, mwonyesheni namna ya kuosha tangi, mpimieni tena baada ya wiki mbili, na matokeo ya pili ndiyo yabandikwe. Hilo linahitaji mtu anayemfahamu na kuaminiwa naye. Mtu huyo mnaye tayari. Mmemfuta kazi juzi awamu ilipoisha.

Wanasema hakuna bajeti. Bajeti ya tiketi za ndege za kwenda kuwasilisha matokeo ya Kibera ng'ambo ipo. Sitalijibu zaidi ya hapo.

Wala wasiseme haiwezekani. Kule Flint, jimbo la Michigan, mwaka 2015 wakazi walishirikiana na watafiti wa chuo cha Virginia Tech: wakapewa chupa, wakazijaza wenyewe, wakarudishiwa namba za madini ya risasi kwenye mabomba yao, na namba hizo zikaivunja kauli ya serikali iliyokuwa ikiapa kwamba maji ni salama. Kufikia Oktoba mwaka huo jiji lilikuwa limebadilisha chanzo cha maji. Tukibaki nyumbani, uchunguzi wa magonjwa wa KEMRI na CDC pale Gatwekera na Soweto ulikuwa na wahoji waliotembelea kaya mara kwa mara, lakini kaya hizo pia zilipata matibabu ya bure katika zahanati ya Tabitha. Mtu aliyeandikwa alijua pa kwenda mtoto akiwa na joto. Na mwaka 2009 vijana wa Kibera wenyewe walizunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao, ambao kwenye ramani zilizokuwapo ulikuwa doa tupu, na ramani ile ikabaki wazi kwa kila mtu kuiona. Kurudisha kunawezekana pale mtu anapoamua kurudisha.

Asiporudisha, na asipomsikiliza aliye mtaani, tunafika tulikofika Kayole. Julai 2020 ilitoka ripoti ya wachumi wa Benki ya Dunia na wa vyuo vikuu vya Marekani. Katika Kayole-Soweto, pamoja na kampuni ya maji ya jiji, wenye nyumba waliokuwa na madeni waligawanywa kwa kura: baadhi wapewe notisi na kukatiwa maji, wengine waachwe kwanza, ili ipimwe kama kukatiwa kunawafanya walipe. Waliobaki na mitungi mitupu ni wapangaji. Agosti, dunia ilipoisoma ripoti hiyo, kelele zilipasuka, na watafiti wakajitetea kwamba kukata maji ya mdaiwa ni utaratibu wa kawaida wa kampuni na kwamba maadili yalizingatiwa. Mimi naamini kwamba meza ya uamuzi ingekuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kubeba mtungi Kayole, mwenye cheo cha kusema hapana, ile kura isingepigwa. Wasaidizi wanaobisha milango hawakosi maoni kuhusu jambo la namna hiyo. Wanakosa kiti.

Majina yao nayo hayapo. Fungua karibu kila makala ya maji kutoka mitaa hii, shuka hadi mwisho, utakuta kwa herufi ndogo: tunaishukuru timu ya nyanjani. Aliyetunga swali yumo kwenye orodha ya waandishi, aliyefanya hesabu yumo, hata aliyetafuta pesa yumo. Aliyegundua kwamba saa nne asubuhi ni saa ya uongo hayumo.

Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 kinasema raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na pia habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote ikiwa zinahitajika ili kutetea au kutumia haki yoyote. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja. Namba ya E. coli ya mtungi wa mama wa Kisumu Ndogo, iliyo kwenye kompyuta ya chuo fulani, ni habari anayohitaji ili adai haki yake ya maji salama. Hamumfanyii hisani mkimpa. Na nawauliza mawakili wa haki za umma wa jiji hili, mnaoshinda kesi kubwa kubwa: mbona hii hamjaipeleka mahakamani?

NACOSTI hutoa vibali vya utafiti nchini. Kamati za maadili hupitia fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, zikihakikisha mama ameambiwa anaweza kukataa. Zitumie ukali huo huo kuuliza atajibiwa lini. Ombi lolote la kupima maji ya mtu lisipite bila kuonyesha pesa za kurudisha majibu, tarehe ya kuyarudisha, na jina la msaidizi atakayeyapeleka akiwa bado kazini kwa mkataba, amechanjwa, analipwa kwa siku na si kwa fomu. Na fomu yake iwe na nafasi ya kuandika anachokijua ambacho hakikuulizwa.

Majibu yenyewe hayahitaji kitabu. Karatasi moja ya Kiswahili: klorini ipo au haipo, kinyesi kimeonekana au hakijaonekana, floridi imezidi au haijazidi, na nini cha kufanya kwa kila jibu, pamoja na namba ya simu ya kituo cha afya na ya ofisi ya maji inayohusika na bomba hilo. Iletwe mlangoni na yule yule aliyechota, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na nakala ibaki kwa mzee wa kijiji. Mpaka karatasi hiyo ifike, mama yeyote wa Kibera au Kawangware atakayebishiwa hodi na mwenye chupa tupu ana haki ya kuufunga mtungi wake, na kijana aliyetumwa ana haki ya kurudi ofisini na chupa ile ile tupu, aiweke mezani kwa bosi wake.